Ua Lako Sikulifufua Mimi

Mwanangu Nakundwa,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na kwa nywele ulizo nazo na mdomo alio nao yule msusi, najua nina saa nne nzima kabla hujarudi. Nimefunga mlango wa mbele, nimetoa daftari lako la zamani la hesabu, lile lililobaki kurasa nyingi, nimekaa mezani. Jirani akigonga atadhani nimekwenda sokoni. Mwache.

Kesho unakwenda Morogoro. Begi nimekufungia mwenyewe, na unajua hakuna mtu Same nzima anayefunga begi kama mimi. Hata likidondoka kutoka kwenye buti la basi halitafunguka. Kwa hiyo habari za chandarua na sabuni na usiazime azime vitu vya watu, sikuandikii. Umezisikia tangu uko darasa la kwanza. Nakuandikia habari ya ua lako, hili linalotambaa ukutani hapa sebuleni, ambalo jana umelikata vipande vitatu ukavizungushia kitambaa kibichi ili ukavioteshe chuoni. Nilikuwa nakutazama kutoka jikoni. Unakata chini kidogo ya kifundo, pale mzizi unapotokea, hukurupuki. Nikasema, huyu mtoto ana mkono. Halafu nikakumbuka mkono huo umeutoa kwa nani, nikashindwa hata kuendelea kukanda unga.

Mimi nimeishia darasa la saba. Ukiona nimekosea herufi, sahihisha kichwani mwako na uendelee. Lakini maneno yenyewe usiyasahihishe. Nimeyafikiria tangu Jumapili.

Jumapili, pale ukumbini kwenye sherehe ya kukuaga, ulisimama na gauni la bluu ukashika kipaza sauti. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kilemba changu kikiwaziba walio nyuma, na sikujali. Ukasema hivi: "Watu wananiuliza kwa nini nakwenda kusomea kilimo cha bustani. Nilipokuwa kidato cha pili ua langu lilioza, likafa. Mama yangu akalifufua. Siku nilipoona jani lake jipya, ndiyo siku niliyoamua. Mama, ahsante."

Nakundwa, nilicheza. Uliniona. Nilitoka kwenye kiti nikacheza mpaka mbele, vigelegele vikapigwa, mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Mama Nakundwa ana mkono wa baraka!" Na mimi nikajibu kwa mdomo wangu huu, "Na bado!"

Sikulifufua mimi. Mimi ndiye niliyeliua. Aliyelifufua ni bibi yako, mama yake baba yako, huyu ambaye umemnunia mwaka wa tano sasa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nimeandika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi.

Acha nianze mwanzo, maana wewe mambo ya mwanzo unayakumbuka kitoto na mimi nayakumbuka kwa aibu.

Ulilileta ukiwa darasa la saba. Mwalimu wako alikupa kipande chenye majani mawili, umbo la moyo, kijani chenye michirizi ya njano, kikiwa ndani ya chupa ya soda. Ilikuwa zawadi ya kuongoza darasa. Uliongoza, na mimi nilitangaza habari hiyo mpaka kwa wauza vitunguu wa stendi. Lakini ua lenyewe hakuna aliyelijua hapa nyumbani. Mimi nimekulia Shighatini, huko maua yanaota nje yenyewe. Habari ya ua la kufugwa ndani kama kuku wa kisasa ilikuwa ngeni. Baba yako alirudi Jumamosi kutoka kazini kwenye shamba la mkonge, akaliangalia, akauliza, "Linaliwa?"

Ukamwambia, "Haliliwi, baba. Utomvu wake unawasha hata mdomo."

"Sasa linatufanyia nini?"

"Linapendeza tu."

"Hapo sawa. Kama mama yako."

Nilicheka wiki nzima. Wateja wangu wa maandazi wote walisimuliwa.

Mwaka huohuo bibi yako alishuka kutoka kwake mlimani Mhezi kwa ajili ya mguu, akae karibu na hospitali. Akakukuta umepiga magoti mbele ya chupa unahesabu mizizi. Naye ua lile hakulijua, lakini alikuwa mtu wa kuangalia. Alilizungusha, akaligeuza, akaona vile vimizizi vifupi vinavyotokeza kwenye bua, akasema, "Hili ni la kupanda. Msituni kwetu yapo yanayofanana nalo, yanakumbatia miti. Ukiliacha chini litakuwa jembamba kama mtoto asiye na ndugu. Litafutie mti."

Ndipo baba yako akaagizwa katani. Bibi akakaa barazani na mguu wake ameunyoosha, akachukua fimbo ya urefu wako, akaizungushia kamba ya katani kutoka chini mpaka juu, mkanda juu ya mkanda, bila pengo. Mkaisimika kwenye ile ndoo ya rangi ambayo baba yako alitoboa matundu saba chini kwa msumari wa moto. Mkalifunga ua kwenye fimbo kwa vipande vya kanga, kwa kulegeza. Kila asubuhi bibi analowanisha fimbo, si udongo. Udongo alikuwa anauchoma kidole mpaka pingili ya pili. "Kidole kikitoka na udongo, liache. Kikitoka kikavu, lipe." Dirishani jua la Same lilipolichoma jani likawa na doa la kahawia, akalirudisha ndani hatua mbili, nyuma ya pazia, mahali panapopata mwanga bila kuona jua lenyewe. Na Nakundwa, lile ua lilipanda! Majani yaliyoanza kama kiganja cha mtoto yakawa kama sahani yangu ya chai. Kadiri lilivyokwea ndivyo jani la juu lilivyolizidi la chini.

Haya yote unayajua, ulikuwepo. Usichokijua ni mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa jikoni. Ulikuwa unarudi shule, unanipita mlangoni, "Shikamoo mama," unaisema ukitembea, hata marahaba huisubiri, unakwenda moja kwa moja sebuleni. Nasikia bibi anakutania, "Haya, mke mwenzangu, leo limesemaje?" Na wewe unaanza kumweleza: limetoa jani, limekunjua, limeinama. Habari ya shule yote unaimwaga huko. Mimi niliyekuzaa siku mbili mchana na usiku nabaki na mwiko mkononi, na habari zako nazisikia kupitia ukutani kama redio ya jirani.

Nilimwonea wivu mama mkwe wangu, mzee wa watu, mgonjwa wa mguu. Sijawahi kulisema hili kwa mtu yeyote. Niliwaambia watu, "Mama mkwe wangu na mwanangu wanapendana mpaka raha," nikijivuna nalo pia, maana mimi hata kinachoniuma huwa nakivisha nguo nzuri nikatoka nacho.

Ukaenda bweni. Ulipofika kidato cha pili uliacha karatasi ya maelekezo ya ua, kurasa mbili, na ulimkabidhi bibi ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika. Mimi mwenye macho mawili mazima hukunipa.

Mwezi uleule tulipata wageni. Kwaya kutoka Moshi, na kamati ilisema watakula chakula cha mchana kwetu. Unanijua. Nilipaka rangi ukuta, nikaosha mapazia, nikapanga vyeti vyako vyote ukutani. Na ndoo ile ya rangi, imekaa sebuleni na maandishi yake, inadondosha matone kwenye kisahani, niliiona kama imenivua nguo. Nikanunua chungu cheupe kinachong'aa, kina maua ya dhahabu ubavuni. Bibi akakipindua, akakiangalia chini.

"Mama Nakundwa, hiki hakina tundu."

"Ndiyo uzuri wake, mama. Hakichafui zulia."

"Maji yatatokea wapi?"

"Mama, hili ni ua, si choo."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama yake mume wangu. Nikalibandua ua kwenye ile fimbo. Mizizi ilikuwa imeshika katani, ikawa inaachia kwa sauti kama nguo inayochanika, na mimi navuta tu. Nikagonga misumari ukutani, nikalizungusha juu ya runinga mpaka kwenye vyeti vyako, ili wageni wakikaa waone cheti, waone jani, waone cheti. Halafu nikayapaka majani mafuta ya kupikia yang'ae. Usije ukafanya hivyo. Vumbi la huku likigusa mafuta linaganda, jani linashindwa kupumua. Kitambaa kibichi kinatosha, mkono mmoja umeshika jani kwa chini, wa pili unafuta. Lakini siku ile liling'aa kweli. Wageni wakasema, "Mama, hili ua umelifanyaje?" Nikasema, "Ni mkono tu." Bibi alikuwa amekaa palepale.

Sasa nisikilize habari ya maji, maana hapa ndipo nilipoua, na hili hata mwalimu wako wa Morogoro hatakufundisha.

Sisi kule mlimani maji ya mfereji yalikuwa ya zamu. Bwawa letu, ndiva, linafunguliwa, na kila nyumba ina siku yake. Siku yako ikifika unamwagilia, hata kama jana mvua imenyesha, hata kama migomba inaelea. Ukisema leo sina shida nayo, jirani anafungulia kwake, na wewe unakaa mpaka zamu irudi, na jua halisubiri zamu. Baba yangu alinichapa mara moja tu maishani, na ni kwa sababu niliacha zamu yetu ipite nikicheza. Basi nikaolewa hapa Same, nikakuta maji ya bomba nayo ni ya mgao. Siku bomba linapotoka, najaza mapipa, ndoo, masufuria, mpaka birika la chai. Na ua nalo nikalipa. Kila siku ya mgao, jagi zima, mara mbili kwa wiki. Sikulichoma kidole. Sikuliuliza kama lina kiu. Ilikuwa siku ya maji, na siku ya maji kila kitu ndani ya nyumba yangu kinakunywa.

Bibi akaniambia kwa upole, "Mama Nakundwa, hilo halina kiu."

Nikamwambia, "Mama, mimi nimekulia kwenye mfereji."

"Nami pia. Ila kwenye mfereji maji yanapita. Humo yanalala."

Majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Mimi nikasema ni kiu, nikaongeza. Yakalegea. Nikaongeza. Siku moja nikasikia harufu, kama ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Nikaingiza mkono kwenye chungu, nikatoka na matope meusi, na mizizi ikiteleza kama tambi zilizoiva mno. Na ilibaki siku nne tu ufunge shule.

Nimefikiria sana zamu hii, Nakundwa, na si kwa ua tu. Siku ya wazazi kutembelea shuleni kwenu nilikuwa nakuja na kuku mzima, na vitumbua, na kanga mpya, walimu wanageuka kuniangalia. Ile ilikuwa siku yangu ya mgao. Lakini ile jioni uliyorudi nyumbani ukiwa na macho mekundu kwa sababu ya yule rafiki yako aliyekugeuka, ukanifuata jikoni ukasema, "Mama," nikakwambia, "Subiri, nina mafuta motoni." Hukurudi tena kuniambia. Nilikuwa nakumwagia nilipokuwa na maji, mwanangu, si ulipokuwa na kiu. Sikuelezi ili unihurumie. Nakueleza kwa sababu una damu yangu, na siku moja utakuwa na mtu au kitu cha kukitunza, na utajiona umefanya kazi kubwa kwa sababu ndoo imekwisha.

Ukafunga shule. Uliingia mlangoni hujatua hata begi, ukatazama ukuta. Nilikuwa nimeshang'oa misumari. "Mama, ua langu liko wapi?"

Ningesema, nimelizamisha. Neno moja. Ungelia, ungeninunia siku mbili, yangekwisha. Lakini bibi alikuwa amekaa pale, na wewe ulikuwa umeshaanza kugeuza uso kumtazama yeye, kama ulivyozoea, umuulize yeye. Nikaona mtamaliza jambo hili wenyewe wawili, na mimi nitakuwa yule mjinga wa jikoni aliyeharibu. Nikasema, "Muulize bibi yako. Amelimwagia maji ya kuoshea vyombo, yana sabuni. Nilimkataza."

Lilitoka hivyohivyo, limekamilika, kama nililikariri.

Nilingoja akatae. Nilikuwa nimeshaandaa ugomvi. Akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi, kwa muda, si kwa hasira. Kisha akasema, "Nisamehe, mjukuu wangu. Ni uzee."

Na wewe ukamwambia neno lile. Najua unalikumbuka, kwa sababu ulilisema ukifumba macho. "Bibi, tangu uje humu ndani hakuna kitu changu kinachobaki changu." Ulikuwa mtoto, una miaka kumi na mitano, sikulaumu. Neno lile ni langu. Nililiweka mimi mdomoni mwako, kila likizo nikinung'unika wewe ukisikia.

Ulipolala nikamfuata bibi jikoni. Nilikwenda kugombana naye, kwa nini amejisingizia. Angalia nilivyokuwa! Akawa anapepeta mchele. Akasema, "Mimi ana uwezo wa kuninunia. Wewe atakununia vipi, na wewe ndiye unayempikia? Acha aninunie mimi, nina pa kwenda."

"Mama, kesho nitamwambia."

"Utamwambia ukiweza."

Sikuweza kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya tatu akafunga nguo zake kwenye kitenge, akasema mguu umepata nafuu. Haukuwa umepata nafuu. Baba yako akamsindikiza kupanda Mhezi. Aliporudi akaniuliza mara moja tu, "Ni kweli mama alimwaga yale maji?" Nikamwambia, "Unataka kunifanya mwongo kwa sababu ya ua?" Hakuuliza tena. Baba yako ni mtu mwema, na wema wake mimi niliutumia kama zulia, nikafagilia chini yake.

Baada ya bibi kuondoka nilikwenda kusafisha dirisha la jikoni, nyuma ya makopo ya chumvi nikakuta chupa. Ndani yake vipande viwili vya ua lako. Alivikata juu ya pale palipooza, kabla mimi sijatupa, kila kipande na kifundo chake ndani ya maji na majani mawili nje. Maji masafi, yamebadilishwa. Kimoja kilikuwa kimeshaanza kutoa mzizi, mweupe, mfupi kama punje ya mchele. Hakuniambia. Aliviacha palepale ninapopikia, mahali nitakapoviona.

Uliporudi likizo iliyofuata ukakuta chungu kidogo na jani jipya. Ukapiga kelele. Ukanirukia shingoni, "Mama! Umelifufua?" Na mimi nikakukumbatia. Ilikuwa miaka mingi hujanikumbatia hivyo. Nikasema, "Si unanijua mama yako?"

Basi. Hiyo ndiyo habari. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu. Huu wa pili niliusema nikiwa na raha, na ndio unaonichoma zaidi, maana nimeuishi. Nimewasimulia wateja, nimewasimulia wanakwaya. Watu wameniletea maua yao yanayokufa, nimeyapokea! Nikafanya yale niliyomwona bibi yako akifanya, ya kidole na ya kitambaa na ya nyuma ya pazia, mengine yakapona, nikasifiwa kwa hayo pia.

Na wewe ukawa unapanda Mhezi Krismasi kwa sababu baba yako anakulazimisha. Unakaa uani na simu yako kama mgeni wa serikali. Mwaka juzi alikuletea makande, ameyaunga kwa maziwa kama ulivyopenda ukiwa mdogo. Ukasema, "Nimeshiba, bibi." Akayafunika na sahani. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale nikichambua mboga, nikaendelea kuchambua mboga.

Leo mchana, kabla sijaanza kuandika, nilimpigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Sasa mbona unapiga mchana?"

Nikamwambia ninachotaka kufanya. Nikawa nasikia kuku wake. Halafu akauliza, "Ua lenyewe lipo?"

"Lipo. Limefika dirishani."

"Umelipa mti?"

"Hapana, liko kwenye misumari."

"Wewe hutasikia mpaka ufe." Akacheka kidogo. Nami nikacheka, halafu nikaanza kulia, akaniacha nilie, hakunibembeleza. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hayo ya simu nimeyasikia. Mwambie mtoto. Na akitaka kuja, aje, lakini asije kunililia. Kwa mguu huu siwezi kubembeleza watu wazima. Aje tu tukae."

Mguu umekuwa mbaya, Nakundwa. Baba yako hajakwambia kwa sababu ya safari yako. Sasa anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, na hapo anakaa. Ukienda Morogoro sasa, kurudi ni mwakani. Sikuogopeshi, nakupa hali ilivyo.

Gari la kupanda Mhezi linaondoka asubuhi, na basi lako linaondoka asubuhi. Asubuhi nimepita stendi kuuliza, wamesema tiketi inaweza kusogezwa siku moja, ila mwenye tiketi aende mwenyewe leo kabla hawajafunga. Mwenye tiketi ni wewe. Sitakuamulia, ingawa unajua ninavyopenda kuamua. Mimi kesho ninapanda, kuwe na wewe au kusiwe na wewe, kwa sababu maneno ya simu hayatoshi. Ukija, nitayasema mbele yako, yote, na la sabuni. Ukitaka kwenda kwake peke yako, niambie, nitabaki, nitakwenda siku nyingine. Na Jumapili nitasimama kanisani. Nimeshamwomba mchungaji nafasi baada ya matangazo. Aliniuliza kama ni ushuhuda, nikamwambia ni masahihisho. Walioniona nikicheza ndio watakaonisikia. Wewe hutakuwepo, na ni afadhali. Ukiwepo nitataka nipendeze.

Vipande vyako vitatu vipeleke. Ni vya bibi yako, na ni vyako. Wenzako wa bweni wakikuuliza nani alikufundisha, sasa unalo jina la kuwatajia.

Nilitaka kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, katikati ya shuka, uikute ukiwa mbali. Nimeshaikunja mara moja kwa ajili hiyo, nikaikunjua. Ungeisoma Morogoro peke yako, mimi niko hapa naendelea kuitwa mama mwenye mkono wa baraka, na bibi yuko mlangoni kwake anasubiri. Hapana. Nitakupa mkononi ukishaingia. Nitakaa kwenye kiti hiki cha mbele yako mpaka ufike mwisho, sitakwenda jikoni, sina chochote motoni. Ukimaliza, useme unachotaka kusema, na mimi nitasikiliza.

Mama yako.